Bakuli la Paka

Binamu yangu ana alama mbili ndogo kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Ukimpa mkono huzioni. Ameniruhusu nisimulie zilivyopatikana kwa sharti moja. "Ukiandika yangu," alisema, "andika na yako." Basi na yangu yamo humu, na si madogo.

Yeye na mkewe wanaishi pembezoni mwa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Nyumba yao ya kupanga ina ua wa nyuma unaoishia kwenye kijito chenye miti. Mtu aliyekulia Muheza, akafika huko akidhani Marekani ni lami na maghorofa matupu, siku za mwanzo hushangaa. Jua likizama kulungu wanakatiza barabara, na mbweha anapita kando ya gari lako kana kwamba ndiye mwenye mtaa. Wengi wa wageni hawa wa usiku hawana neno na mtu. Balaa ya kisa hiki ilianzia kwenye bakuli.

Shemeji yangu ana huruma na paka. Alikuwapo paka mmoja wa kijivu, asiye na mwenyewe, aliyekuwa akija jioni kulia kwenye baraza la mbao la nyuma. Shemeji akamnunulia chakula kikavu cha dukani, akawa anakiweka nje kabla ya kulala, kwenye bakuli la plastiki la bluu. Kila asubuhi bakuli limelambwa likang'aa. "Paka wako anakula kama fundi mwashi," binamu alikuwa akimtania, nami nikicheka nao, maana Jumamosi zangu nyingi nilikuwa nashinda pale. Hatukujiuliza kwa nini paka anayemaliza bakuli zima kila usiku alikuwa bado anahesabika mbavu.

Usiku mmoja wa Aprili shemeji alisikia bakuli linasukumwa. Akawasha taa ya nje, akachungulia dirishani, na ukelele alioupiga uliwaamsha watoto. "Panya! Baba watoto, njoo! Panya buku!"

Hakuwa panya, ingawa simlaumu. Ukubwa ni wa paka, uso mweupe uliochongoka, pua ya waridi, masikio meusi membamba kama karatasi, na mkia mrefu usio na manyoya. Binamu alipofungua mlango, mnyama yule aliachama na kuonyesha meno. Alikuwa oposamu, na oposamu ana meno 50. Mbwa, kwa kulinganisha, ana 42. Binamu alivua ndala akairusha. Haikumgusa, ilipita hatua moja pembeni. Mnyama akaanguka ubavu, ulimi nje, mate yanachuruzika, na harufu ya kitu kilichooza ikajaa baraza zima.

"Umemuua!"

"Kwa ndala?"

Binamu alikwenda kutafuta koleo gereji ili amzike kabla watoto hawajamwona. Aliporudi, maiti haipo. Alinipigia simu usiku ule ule, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Baadaye nilisoma na kicheko kikanikauka. Oposamu hajifanyi kufa kwa ujanja. Hofu ikizidi mwili wake humzima wenyewe, na anaweza kulala hivyo dakika chache au hata saa kadhaa. Harufu ile ni ya majimaji anayoyatoa nyuma wakati huo, na kuachama kwake kote kule ni tishio la mtu mnyonge aliyebanwa kwenye kona. Tuliloliona kuwa ukali lilikuwa woga, kila hatua.

Jina lake limetoka kwa Wapowhatan, wenyeji wa Virginia kabla ya Waingereza kuja. Kapteni John Smith, mmoja wa Waingereza wa kwanza kuweka makazi pale, alimweleza mwanzoni mwa karne ya 17 kuwa ana kichwa kama cha nguruwe, mkia kama wa panya na ukubwa wa paka. Naye alimfikia panya, kama shemeji. Lakini ni mnyama wa peke yake. Kaskazini ya Meksiko hakuna mwingine anayelea watoto mfukoni mwa ngozi tumboni. Mimba yake huchukua siku 12 au 13 tu, mtoto anazaliwa ana ukubwa wa nyuki, kisha anapanda mwenyewe hadi mfukoni kwenda kunyonya. Chakula chake ni mende, konokono, panya, mizoga na matunda yaliyoanguka. Hata nyoka wengi wenye sumu wa huko anawala, sumu yao haimdhuru. Wapo wanaomsifu kwamba humaliza kupe kwa maelfu. Waliopasua matumbo ya oposamu wa mwitu hawakuwakuta kupe hao, kwa hiyo sifa hiyo mimi nimeiacha. Zilizobaki zinamtosha. Na kubwa kuliko zote kwa kisa hiki: kichaa cha mbwa ni nadra mno kukutwa kwa oposamu. Wataalamu wanadhani ni kwa sababu joto la mwili wake ni la chini kuliko la wanyama wengi wanaonyonyesha. Ukimkamata atakuuma, hilo lijulikane, lakini ukimwacha apite, atapita.

Sisi hatukumwacha apite. Na hapa ndipo zamu yangu inapoanza.

Mimi ndiye niliyesema, "Mtegeni." Nikaazima kizimba cha waya kwa mtu wa kazini, tukaweka dagaa wa kopo ndani, na usiku wa pili tu tukampata. Alikuwa amejikunja kwenye kona, amefumba macho. Tukamfunika na shuka kuukuu, tukamtia kwenye buti ya gari langu, tukavuka mto James na kwenda kumwachia kwenye msitu wa mbali. Njiani tulijisifu kwamba hatukumuua. Ilikuwa Aprili, majira ambayo majike mengi huwa na watoto mfukoni, nasi hatukuangalia. Wala hatukuuliza kama jambo lenyewe linaruhusiwa. Sheria za Virginia zinakataza kumkamata mnyama wa mwitu na kwenda kumwachia mahali pengine. Tungeuliza, tungeambiwa.

Tulirudi nyumbani, shemeji akaosha bakuli la bluu, akalijaza tena chakula, akaliweka pale pale.

Wiki haikuisha, akaja rakuni.

Huyu hakumtisha mtu. Ana manyoya mazito ya kijivu, mkia wenye pete, na weusi umezunguka macho yake kama miwani. Mtu wa kwetu akimwona anamkumbuka fungo. Mikono yake ndiyo inayowamaliza watu: anashika tonge kwa vidole vitano, analigeuzageuza, kisha anatia mdomoni. Jina lake nalo ni la Wapowhatan, nalo linahusu mikono hiyo hiyo, inayokwangua na kupekua. Watoto wakamwita Bwana Miwani. Binamu akanunua kiti cha kukunja, akawa anakaa nyuma ya kioo cha mlango jioni kumtazama. Chakula cha paka kikaongezewa vipande vya chapati, mifupa ya kuku, na Jumapili mandazi. Nina picha zake kumi na tisa kwenye simu. Sikuzifuta, ili zinikumbushe.

Sasa hebu twende polepole, maana kuanzia hapa kila juma lilikuwa na onyo lake.

Siku za mwanzo binamu akishika kitasa, Bwana Miwani alikuwa ametokomea kwenye miti. Mwisho wa Mei alikuwa akirudi nyuma hatua mbili na kusimama. Katikati ya Juni hakurudi nyuma kabisa. Sisi tuliita hilo urafiki. Ingefaa tuone kwamba kitu kilichokuwa kinamlinda yeye na kutulinda sisi, yaani woga wake, tulikuwa tumekinunua kwa mandazi.

Kisha wakawa wawili, kisha wanne, wakawa wanapigana. Paka wa kijivu hakuonekana tena, na shemeji alimuuliza kila mtu mtaani isipokuwa wale waliokuwa wanakula chakula chake.

Mwezi huo huo mama yake shemeji alikuja kutoka Muheza kuwaona wajukuu. Nilikwenda kumwamkia siku ya pili. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu, hawajambo huko?" Kabla chai haijamiminwa alinivuta hadi kwenye kioo cha mlango. "Hebu niambie wewe, huyu ni nini?" Nikamweleza, nikamwambia na jina alilopewa na watoto. Hakucheka. "Sisi fungo tunamjua kwa kuku waliopotea," alisema. "Uso wake hatuujui, maana hatuonyeshi. Huyu ananitazama machoni. Mnyama wa porini asiyekuogopa ana lake jambo." Binamu akamjibu kwa heshima zote, "Mama, hawa wa huku wamezoea watu." Mimi nikaunga mkono. Tulimwona mama wa watu ana ushamba. Sisi wawili, wenye miaka kumi na zaidi Marekani, tulikuwa na simu mfukoni zenye majibu yote, na hakuna aliyeitoa kuuliza.

Mwezi wa Julai shemeji alianza kukuta kinyesi juu ya rundo la kuni kando ya ua, kila mara mahali pale pale. Ndivyo rakuni walivyo, huwa na choo chao. Shemeji akakifagia kwa ufagio wa nyumbani na kuendelea na shughuli zake. Kinyesi cha rakuni mara nyingi huwa na mayai ya minyoo aina ya mviringo, yanayoweza kukaa kwenye udongo kwa miaka yakiwa hai. Mtu akiyameza, mabuu yake hutembea mwilini na yanaweza kufika machoni au ubongoni. Ni ugonjwa unaowapata watu wachache, lakini wengi wa hao wachache ni watoto wadogo wanaotia mikono mdomoni, na watoto wa binamu walikuwa wanajenga nyumba za udongo hatua tatu kutoka kwenye zile kuni. Hilo lilitupita bila madhara. Nalisema kwa sababu lingeweza kutopita.

Agosti jirani wa upande wa kushoto, mzee wa Kimarekani mwenye mbwa, aligonga mlango kwa upole akauliza kama kuna mtu analisha wanyama, maana mapipa yake ya taka yanapinduliwa kila usiku. Binamu alisema hapana, wao wanalisha paka tu. Hakusema uongo mzima.

Ikafika Jumamosi moja ya Septemba, saa nne asubuhi. Rakuni kuonekana mchana peke yake si ushahidi wa ugonjwa, kwani jike mwenye watoto naye hutoka mchana kutafuta chakula. Lakini huyu alikuwa anayumba. Miguu ya nyuma ilikuwa inamwendea upande, manyoya ya kidevuni yamelowa, na alikuwa anazunguka pale pale kwenye nyasi kana kwamba ametupa kitu. Bibi alimwona kwanza akawaita watoto ndani. Binamu alimwona akacheka: "Amelewa kama komba!" Akachukua andazi, akatoka na ndala zake, akachuchumaa, akanyoosha mkono.

Haikuchukua hata sekunde. Andazi lilianguka na rakuni akayumba zake kuelekea kijitoni. Kidoleni palikuwa na vitundu viwili na tone la damu. Binamu akasuuza kwa maji ya bomba, akafuta kwa taulo, akabandika plasta. Jioni akanipigia. Alisema ameumwa kidogo, si kitu, aende hospitali au vipi? Niliuliza kama damu imekata. Imekata. "Basi paka spiriti," nikamwambia.

Ndugu msomaji, neno hilo nililisema mimi, mtu mzima niliyesoma, ninayeandika magazetini kuwashauri wengine.

Nimejiuliza sana kwa nini sote wawili hatukuwaza kichaa cha mbwa, ugonjwa tunaoujua tangu utotoni. Jibu langu ni kwamba jina lenyewe lilituponza. Kwetu ugonjwa ule una mwenyewe, naye ni mbwa, na kwa sehemu kubwa ya dunia ni kweli: Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaoupata wameambukizwa na mbwa. Ila Marekani mbwa wamechanjwa kwa miongo mingi, na mwaka 2007 ilitangazwa kwamba aina ya virusi inayosambazwa na mbwa imekwisha nchini humo. Wanaoubeba sasa ni popo, rakuni, mbweha, na kile kicheche chao cha mistari myeupe kinachonuka. Tulihama na hofu zetu za nyumbani kama tulivyohama na nguo zetu, na baadhi hazikufaa hali ya hewa ya huko.

Lipo na jingine ambalo binamu alilikiri baadaye. Alikuwa amewaza hospitali, akaogopa. Tangu utoto alisikia habari za sindano nyingi za tumboni, akaona afadhali anyamaze. Sindano hizo ni za zamani. Siku hizi mtu ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa dawa yenye kingamwili, inayodungwa kuzunguka kidonda, na chanjo nne za begani: siku ya kwanza, kisha ya 3, ya 7 na ya 14 kuhesabu kutoka hapo. Aliogopa kitu ambacho hakipo tena, kama alivyomwogopa oposamu.

Kilichomwokoa ni yule jirani. Jumapili alimwona rakuni amelala kando ya uzio wake, anatetemeka. Alimfunga mbwa ndani, hakumgusa mnyama, akapiga simu kwa watu wa wanyama wa kaunti. Walikuja wakamchukua, ubongo ukapimwa, na Jumatano afisa akaanza kugonga nyumba kwa nyumba kuuliza nani alimkaribia. Rakuni alikuwa na kichaa cha mbwa.

Binamu alifungua mlango mkono wa kulia ukiwa mfukoni. Afisa akauliza. Binamu akababaika. Bibi hakuwa anaelewa Kiingereza, lakini uso wa mtu hausomwi kwa Kiingereza. Akasema kutoka kwenye kochi, "Mwonyeshe kidole, baba."

Saa moja baadaye alikuwa hospitalini. Zilikuwa zimepita siku nne. Virusi hivi husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, safari inayochukua kwa kawaida wiki kadhaa au miezi, ndiyo maana kuchelewa ni afadhali kuliko kutokwenda. Lakini hakuna anayejua mwilini mwake vimefika wapi, na dalili zikishaanza karibu kila mtu hufa. Kwa wiki mbili nyumba ile ilikaa kimya kama ya msiba. Shemeji alihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni, na mimi niliendesha gari kumpeleka kwenye kila sindano kwa kuwa sikuweza kukaa kwangu. Bili ilikuwa ya maelfu ya dola. Bima ililipa sehemu, sehemu wanailipa mpaka leo. Watoto nao waliulizwa mmoja mmoja kama waliwahi kumgusa Bwana Miwani. Hawakuwa wamemgusa. Bibi alihakikisha hilo tangu Juni, bila kutuambia.

Katika wiki hizo nilisoma jambo lililonikosesha usingizi. Zamani kichaa cha rakuni kilikuwa cha majimbo ya kusini-mashariki, Florida na jirani zake. Katika miaka ya 1970 wawindaji walisafirisha rakuni kutoka huko hadi mpakani mwa Virginia na West Virginia ili wapate wa kuwinda. Baadhi walikuwa na ugonjwa. Mwaka 1977 uligunduliwa West Virginia, ukasambaa pwani yote ya mashariki hadi kuvuka mpaka wa Kanada. Walibeba wanyama kwenye vizimba kwenda kuwaachia mahali pengine, nao bila shaka walijiona watu wema. Nikakumbuka shuka kuukuu na buti ya gari langu.

Binamu yu mzima. Bakuli la bluu sasa ni la kuogeshea wanasesere, mapipa yana vifuniko vya kufunga kwa mkanda, kuni zimehamishwa, na pale penye kinyesi walimwaga maji yanayochemka kama walivyoelekezwa. Mzee wa jirani alipelekewa sahani ya mandazi na maneno ya kuomba radhi. Chakula cha bure kilipokwisha, rakuni waliacha kuja ndani ya wiki chache. Mwezi uliopita shemeji aliona oposamu akipita chini ya uzio usiku, akazima taa.

Nawe unayesoma ukiwa Muheza, Mombasa, Bujumbura au Minnesota, kwako anayekuja usiku labda ni fungo, nguchiro, tumbili au komba. Mtazame kutoka ndani. Akikuuma au akikuparura, hata kwa kidonda cha kuonea haya, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme ni mnyama gani, hata kama si mbwa, hata kama jamaa yako mwenye kalamu amekuambia upake spiriti. Na kama sasa hivi kuna sahani ya chakula nje ya mlango wako wa nyuma, iingize ndani kabla hujalala.